Dalali Aliyengoja Mvua: Kumkumbuka Mzee Nicodemus Kipketer

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Mlio jikoni, ongezeni sauti kidogo. Mlio barazani, wapisheni wazee viti vya karibu. Leo nina habari ya mtu mmoja tu, na ningependa isikike yote, mwanzo hadi mwisho.

Mtu huyo ni Mzee Nicodemus Kipketer wa Nakuru. Alikuwa dalali wa nyumba. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, nyumbani kwake, kwa ugonjwa wa kifua. Nasema tena kwa wale waliochelewa kufungua redio: Mzee Nicodemus Kipketer, dalali wa nyumba, Nakuru.

Najua kuna mtu hapo amecheka. Dalali! Tangu lini redio ikamlilia dalali? Hata mimi, mkubwa wangu hapa redioni aliponipa jina lile, nilikunja uso. Dalali ninayemjua mimi ni yule anayekushika mkono sokoni asikuachilie. Nyumba imeliwa na mchwa, yeye anaiita jumba. Ukimtafuta baada ya kulipa, hayupo. Basi nikapanda gari moshi mpaka Nakuru, nikaongea na jamaa zake, na nikarudi sina la kucheka. Ngojeni niwaeleze.

Kipketer hakuzaliwa mjini. Alitoka upande wa Nandi akiwa kijana, akafika Nakuru, akapata kazi ya kupakia magunia ya ngano stesheni. Ngano ile ilikuwa ikiteremka kutoka Mau Narok kwa malori, na mgongo wake uliijua vizuri. Mgongo ulipochoka akaanza udalali katika lokesheni ile ya chini ya reli, ambako Waafrika walipewa ploti na afisi ya mji wakajijengea nyumba. Ploti haikuwa yako, lakini nyumba ilikuwa yako, na ungeweza kuiuza. Alikuwa mrefu, mwembamba, na mkononi alikuwa na mwavuli mweusi ambao hakuuacha hata wakati wa kiangazi.

Mwavuli ule ulikuwa chombo cha kazi. Akiitwa kuuza nyumba, kwanza aliizunguka kwa nje akidunga kuta za udongo kwa ncha ya mwavuli. Ncha ikizama, hapo pana mchwa. Halafu anaingia ndani, anafungua na kufunga kila mlango, anapiga magoti na kunusa sakafu kama kuna unyevu. Watoto wa mtaa walimfuata nyuma wakicheka mpaka wanashika mbavu. Yeye wala hakugeuka.

Sasa mtu anayeuza nyumba yake atarajie nini kwa dalali? Swali hilo nilimwuliza binti yake, Truphosa. Truphosa ni mwalimu wa shule, na hana maneno mengi. Alinijibu hivi: "Baba alisema dalali ana kazi nne. Amwambie mwenye nyumba bei ya kweli, hata kama atakasirika. Amwambie mnunuzi ubaya wa nyumba kabla ya uzuri. Awapeleke wote wawili afisini, asimwache mmoja nyuma. Na malipo yake asiyaguse mpaka mnunuzi alale ndani."

Nikamwuliza, "Ni hizo nne tu?" Akatabasamu kidogo. "Na ile ya mvua," akasema. "Ile hakuihesabu, maana Nakuru nzima iliijua."

Ile ya mvua, wasikilizaji wapendwa, ndiyo iliyonileta kwenu leo. Kipketer hakuuza nyumba yoyote mpaka mnunuzi aione ikinyeshewa. Hakutaka mnunuzi aambiwe tu kwamba paa ni zima. Alitaka aingie ndani wakati mvua inanyesha, asimame chini ya mabati, macho juu, mpaka aridhike. Kama ni kiangazi, mnangoja. Mnangoja wiki, mnangoja mwezi. Watu walimwita Dalali wa Mvua. Walevi wa pale mtaani wakimwona anapita juani na mwavuli wake walikuwa wanamwuliza, "Mzee, leo umeuza mawingu mangapi?" Naye anawajibu, "Mawili, na yote yanavuja."

Lakini sharti hilo halikuwa mzaha. Lilikuwa na chanzo chake.

Mwaka wa 1947, mwezi wa Januari, Kipketer aliuza nyumba kwa kijana mmoja na mkewe waliokuwa wamepata mtoto wa kwanza. Nyumba ilikuwa safi, mabati yanang'aa. Mwenye nyumba aliapa mbele ya watu kwamba haivuji. Ikafika Aprili, mvua ikashuka. Kumbe yule mwenye nyumba alikuwa ameziba matundu ya misumari kwa sabuni ya kufulia! Sabuni ikayeyuka usiku mmoja. Mtoto aliloa kitandani, akashikwa na kichomi, na wiki haikwisha akazikwa. Yule kijana akaja kwa Kipketer asubuhi. Hakumtukana. Alisimama mlangoni, akasema, "Mzee, nilikuamini wewe," akaenda zake.

Mama Cheptanui, mjane wa marehemu, anakumbuka siku ile. "Hakula siku mbili," aliniambia. "Siku ya tatu akasema, Cheptanui, mimi tena sitasikiliza mdomo wa mwenye nyumba. Nitasikiliza mvua." Hilo akaliapia, na kwa miaka sita hakulivunja.

Sasa tuingie mwaka wa 1953. Wengi wenu mnaukumbuka, na wengine hampendi kuukumbuka. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa miezi michache nyuma. Huko Nakuru, kama kwingine katika Bonde la Ufa, Wakikuyu walikuwa wakishukiwa uasi, wakiondolewa na kurudishwa rizavu, yaani maeneo waliyotengewa kikabila. Leo mashamba haya, kesho mtaa ule. Malori yanakuja, watu wanapakiwa na mizigo wanayoweza kubeba, basi. Nyumba hukuibeba.

Katika lokesheni ile aliishi mama mmoja Mkikuyu, jina lake Wachuka, mjane wa marehemu Ngigi. Huyu mama alikuwa anauza uji kwa wafanyakazi wa reli. Alizaliwa katika shamba la mzungu kule Mau Narok, akakulia humo akichuma pareto, akaolewa humo humo. Sikilizeni vizuri hapa. Rizavu ambako alitakiwa "kurudi" hakuwahi kukaa hata siku moja. Shamba hakuwa nalo huko. Ukoo wa mumewe haukumjua hata kwa sura. Kitu alichokuwa nacho duniani ni binti mmoja wa miaka kumi na miwili, anaitwa Njoki, na nyumba ile ya vyumba viwili.

Na nyumba yenyewe alimaliza kuijenga kwa mkono wake. Mumewe alikufa kuta zikiwa tayari, bado paa. Wachuka akanunua bati moja moja, mwezi huu moja, mwezi ule moja, akapanda juu mwenyewe na nyundo. Alikwenda kwa watu wa kutengeneza barabara akaomba lami, akapaka juu ya kila msumari. Wanawake wenzake walimzomea, mwanamke gani anapanda juu ya nyumba? Akawajibu kutoka huko huko juu, "Nyinyi zomeeni, mimi nitalala pakavu."

Jumatatu, tarehe mbili Machi, Wachuka alimwendea Kipketer. Alimkuta anakunywa chai.

"Baba Truphosa," akamwambia, "uza nyumba yangu. Uza upesi."

"Upesi gani, Mama Njoki?"

"Ile ya kabla lori haijafika. Nikifika huko na pesa ya nyumba, nitajenga ingine. Nikifika mikono mitupu, mimi na mtoto tutalala nje. Huko sina mbele, sina nyuma."

Kipketer akachukua mwavuli, akaenda. Alidunga kuta, akanusa sakafu, akafungua milango. Nyumba ilikuwa nzuri. Akamtajia bei ya kweli, Wachuka akaikubali bila kubishana. Na kazi ya kutafuta mnunuzi ilimchukua siku mbili tu, ijapokuwa wakati ule walanguzi walikuwa wanapita mtaani wakinunua nyumba za Wakikuyu kwa bei ya kuku. Kipketer hakutaka hata kuwasikia. Alimleta Hezekiah, fundi wa reli, mtu wa Maragoli, mwenye mke na watoto wanne na pesa kamili. Hezekiah akaingia, akatoka, akasema, "Nimeipenda. Kesho ni Alhamisi, twende afisini."

Hapo niwaeleze jambo la afisi, maana ndilo lililofunga kila kitu. Nyumba za lokesheni zilikuwa zimeandikwa katika daftari moja kubwa. Kubadilisha jina kulifanyika siku ya Alhamisi tu. Muuzaji na mnunuzi wote wawili wasimame mbele ya karani, na shahidi wao, kila mmoja atie kidole. Pasipo kidole cha muuzaji, hakuna kitu. Kwa hiyo Alhamisi ndiyo siku, na Wachuka alihitaji Alhamisi moja tu.

Kipketer akatazama juu. Mbingu ilikuwa nyeupe pe. Nakuru mwezi wa Machi, vumbi la ziwani linaingia mpaka kwenye meno. Akasema, "Bado. Tungoje mvua."

Ala! Wachuka alifikiri anafanyiwa mzaha. "Mvua gani, Baba Truphosa? Mimi nakwambia hii nyumba haivuji. Hiyo mabati nilipigilia mwenyewe."

"Nimesikia, mama."

"Panda juu uone lami!"

"Nimeiona. Hata ile ya sabuni niliiona, na ilikuwa inang'aa. Mvua ni ya wiki hii, tazama upepo umegeuka. Alhamisi ijayo tutakwenda bila wasiwasi."

Hezekiah naye akajaribu. "Mzee, mimi nanunua nyumba, sinunui mvua. Ikivuja nitaziba." Lakini Hezekiah, aliniambia mwenyewe, moyoni alikuwa na hofu. Alikuwa ameweka pesa ile miaka minane. "Nikajiambia," akasema, "mzee akisema bado, basi ni bado. Laiti ningemkatalia." Mtu huyu mkubwa, wasikilizaji wapendwa, fundi wa mikono kama koleo, aliposema hivyo alitazama chini.

Alhamisi ya kwanza ikapita. Hakuna mvua.

Wiki ile yote Kipketer alitoka kila asubuhi akatazama upande wa mlima Menengai. Mawingu yalikusanyika mchana, yakazunguka, yakaondoka na upepo. Kila jioni Wachuka alipita mbele ya mlango wake na sufuria ya uji kichwani. Hakumgombeza. Alisimama tu kidogo, akatazama juu, akamtazama yeye, akaenda. Truphosa anasema baba yake alianza kuogopa sauti ya nyayo zake.

Mama Cheptanui alimwambia waziwazi, "Wewe mzee, huyo mama ana moto mgongoni. Mwandikishie nyumba yake." Akajibu, "Na Hezekiah ana watoto wanne." Wote wawili walikuwa wanakumbuka mtoto yule wa mwaka wa 1947.

Alhamisi ya pili, tarehe kumi na mbili, ikapita. Hakuna mvua. Siku ile ile malori mawili yalionekana mtaa wa pili, yakajazwa, yakaondoka.

Wasikilizaji wapendwa, nimejaribu kumkasirikia mtu huyu. Usiku wa kuamkia leo nimelala nikimgombeza. Dalali gani asiyeona? Mwenye nyumba wako anazama, wewe unatazama mawingu! Lakini kila nikifika hapo namwona yule kijana amesimama mlangoni akisema, nilikuamini wewe. Basi hasira inanitoka, nabaki na huruma, na huruma yenyewe haina pa kwenda.

Jumanne, tarehe kumi na saba, Kipketer alivunja kiapo chake. Aliazima ngazi. Akamwita Hezekiah aingie ndani ya nyumba, akamwambia tazama juu. Kisha yeye mwenyewe, mzee wa miaka hamsini, akapanda na debe la maji, akamwaga juu ya mabati. Akateremka, akaenda mferejini, akajaza, akapanda tena. Debe la pili, la tatu, la kumi. Majirani walitoka wakakusanyika. Mwaka mwingine wangecheka, lakini siku ile hakuna aliyecheka. Wanawake wakaanza kumpokeza madebe kwa mstari kutoka mferejini, Wachuka akiwa wa kwanza pale chini ya ngazi, na Njoki nyuma yake.

Akapiga kelele kutoka juu, "Hezekiah! Unaona nini?"

"Kukavu, mzee!"

"Pembeni je?"

"Kukavu kabisa!"

Kipketer akakaa juu ya paa, amelowa suruali yote, akapumua. "Debe si mvua," akasema. "Mvua inakuja na upepo. Lakini basi. Alhamisi twende afisini." Wachuka akafunika uso kwa leso, akalia, na wanawake wakapiga vigelegele. Ilikuwa imebaki siku moja katikati.

Jumatano asubuhi lori likafika.

Kipketer aliposikia honi alijua. Alikimbia bila viatu. Akakuta askari wamewapanga watu kwa mstari, Wachuka yuko katikati ya mstari na godoro kichwani na sufuria ya uji mkononi, Njoki ameshika kuku. Kipketer akamwendea askari, akavua kofia. "Afande, nusu saa tu. Huyu mama atie kidole afisini, pale, unaiona afisi ile." Afisi ilikuwa karibu, mtu angetupa jiwe lifike. Askari akasema, "Akitoka kwenye mstari, hatarudi kwenye mstari. Atapelekwa kwingine, kubaya zaidi." Hakusema kwa ukali. Nadhani naye alikuwa amechoka.

Kipketer akakimbia afisini. Karani alikuwapo, na daftari lilikuwapo mezani. "Bwana karani, chukua daftari na wino, njoo pale lorini. Hatua mia tu. Mnunuzi yuko, shahidi ni mimi."

"Daftari halitoki afisini, mzee. Na leo ni Jumatano."

"Basi nipe karatasi tu."

"Karatasi ya nini? Kidole ni cha daftari."

Akarudi kwa askari. Akarudi kwa karani. Mara tatu alikimbia hatua zile mia, wasikilizaji wapendwa. Huku wanasema mama haruhusiwi kutoka, kule wanasema daftari haliruhusiwi kutoka. Hezekiah alikuwa amefika, amesimama na pesa zake kwenye kitambaa. Akataka kumpa Wachuka hivi hivi, achukue tu. Askari akasema ni mwiko kuwapa kitu watu waliomo mstarini, akamsukuma nyuma. Watu watatu walitaka jambo moja jema, na hakuna hata mmoja aliyeweza kulifanya.

Wachuka akapakiwa. Kutoka juu ya lori alimtafuta Kipketer kwa macho mpaka akampata.

"Baba Truphosa," akasema, "sasa huko naenda kulala wapi?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Lori likaondoka.

Mvua ilinyesha saa tisa alasiri ile ile.

Ilinyesha mvua ya kweli, ya upepo, yenye mawe ndani yake. Watu walikimbilia majumbani. Kipketer alitoka kwake akaenda kwenye nyumba ya Wachuka. Mlango ulikuwa wazi. Chumba kilikuwa kitupu, na majivu ya jikoni yalikuwa bado yana joto. Alikuwa amebeba bakuli kutoka kwake, akaliweka sakafuni katikati ya chumba, akasimama kando yake, macho juu. Alisimama mpaka mvua ikaisha. Kisha akainama akatazama bakuli.

Lilikuwa kavu. Hakukuwa na tone hata moja.

Truphosa ndiye aliyemfuata huko. Alimkuta amekaa chini, bakuli mapajani. "Baba alikuwa anasema neno moja tu," aliniambia. "Alisema, aliniambia haivuji. Aliniambia haivuji."

Nyumba ile afisi ilisema haina mwenyewe, ikampangisha mtu mwingine. Hezekiah alinunua nyumba kwingine, kwa dalali mwingine asiyengoja mvua. Nilipomtembelea nilihesabu masufuria matano sakafuni. Akaniambia, "Yaache hapo. Ndiyo fimbo yangu."

Na Kipketer? Siku ile aliacha udalali. Mwavuli aliutundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na hakuuchukua tena. Mvua ilimnyeshea sokoni, ikamnyeshea kanisani. Mkewe alipomsihi aufungue alisema anataka kujua inavyokuwa kunyeshewa. Alimwandikisha Truphosa barua kwenda Fort Hall, kule rizavuni, maana huko ndiko lori lilikoelekea. Bahasha iliandikwa, "Wachuka wa Ngigi, Fort Hall." Anwani nyingine hakuwa nayo. Barua kumi na moja zilikwenda na zikarudi. Kwenda mwenyewe hakuruhusiwa, na baadaye, alipoweza kuruhusiwa, kifua kilikuwa kimeharibika.

Halafu mwezi uliopita, Njoki alirudi Nakuru. Sasa ni msichana wa miaka kumi na minane. Amepata karatasi ya kutafuta kazi. Alikuwa anapita tu kuitazama nyumba yao, majirani wakamwambia, mzee wa mwavuli ni mgonjwa, nenda ukamsalimu. Akaenda. Truphosa alikuwapo, na ndiye aliyenisimulia haya.

Kipketer hakumtambua mpaka alipotaja jina la mama yake. Akajaribu kuinuka kitandani, akashindwa. Akauliza, "Mama yupo?"

"Yupo, mzee. Tuko kwenye kijiji huko Fort Hall. Anakusalimu."

"Analala nyumba ya namna gani?"

"Ya nyasi. Tulipewa mahali, tukajenga sisi wawili."

Truphosa anasema alijua baba yake anataka kuuliza nini, na alitaka kumziba mdomo kwa mkono. Lakini mzee akauliza.

"Inavuja?"

Njoki ni mtoto aliyelelewa vizuri. Angeweza kumdanganya mgonjwa, na nani angemlaumu? Akamtazama Truphosa, akatazama chini.

"Inavuja, mzee," akasema. "Mama hulala amekaa."

Kipketer akaitikia kwa kichwa, mara moja tu, akageukia ukutani. Jioni ile alimwita Truphosa, akamwambia aite fundi aezue mabati ya jiko lao, mabati kumi na mawili, yote mazima, na misumari yake ihesabiwe isipotee. "Mpelekee Mama Njoki," akasema. "Na mwambie nilisimama ndani ya nyumba yake mvua ikinyesha, nikaona. Hiyo usisahau kumwambia." Baada ya siku tisa akafariki.

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa rambirambi zetu kwa mjane wake, Mama Cheptanui, anayepika sasa chini ya turubai kwa sababu jiko halina paa na hataki kuliezeka kwanza. Tunatoa rambirambi kwa Truphosa. Na nitatoa rambirambi kwa mtu asiye jamaa, Mama Wachuka wa Ngigi, kama kuna yeyote karibu naye aliye na redio. Mama, pole sana. Nimeambiwa niseme, na ninasema hewani kila mtu asikie: nyumba yako haikuvuja.

Yeyote aliyeambiwa neno na mtu mwenye shida, alifikirie neno lile usiku wa leo. Tumewafanya wangapi wangoje nje ili sisi tuwe na hakika? Nawaachia swali.

Bado kuna jambo moja. Yale mabati kumi na mawili hayajaondoka Nakuru. Yameegemezwa ukutani kwa Truphosa, yamefungwa kwa kamba, na misumari iko ndani ya kopo. Njoki amepata kazi Naivasha na hawezi kuyabeba. Nauli ya mzigo imewashinda, na dereva wa kuelekea Fort Hall hawamjui. Nimejaribu mimi mwenyewe kwa watu wawili, nikaambiwa ngoja kidogo, ngoja wiki ijayo. Kama wewe unayenisikiliza una lori, au una ndugu mwenye lori, uliza lokesheni ya chini ya reli, kwa Mwalimu Truphosa. Kila mtu atakuonyesha.

Tafadhali usingoje wiki ijayo. Hapa kwetu mvua imeanza tangu jana mchana, na watu watokao Fort Hall wanasema huko inanyesha usiku na mchana.